Dakika 18 za Betri: Taimulapsi kwa Droni, Tupige Picha au Video?

Sisi tunaosoma ualimu tunafundishwa sana kuhusu zana za kufundishia, lakini zana zenyewe tunazishika mara chache. Kwenye andalio la somo tunaandika "chati, ramani, tufe". Tukifika shuleni kwa mazoezi ya kufundisha tunakuta ramani moja iliyochanika kwenye mikunjo na tufe lililobaki stendi. Wakati huohuo droni zimeshazoeleka mitaani kwetu. Nenda harusi za Mbagala au Tegeta, utaisikia inavuma juu ya ukumbi kabla bibi harusi hajashuka kwenye gari. Wengi wetu tuna ndugu au jirani anayeifanya kazi hiyo. Mimi nina binamu yangu Temeke, na droni yake ndogo, isiyofika gramu 250, ndiyo niliyojifunzia haya ninayoyaandika.

Makala haya yanajibu swali moja. Ukitaka kupiga taimulapsi kwa droni kwa ajili ya somo, upige picha moja moja, au urekodi video kisha uiharakishe? Jibu linategemea kasi ya kitu unachokipiga, uwezo wa betri, na namna utakavyoitumia kazi hiyo darasani. Kwa mwalimu wa shule isiyo na projekta, hilo la mwisho lina uzito kuliko yote.

Taimulapsi ni nini?

Ni video inayobana muda mrefu ndani ya sekunde chache. Wingu linalotumia robo saa kuvuka anga unaliona likipita kwa sekunde kumi. Unapata hivyo kwa kuchukua picha chache zilizoachana, kisha kuzionyesha haraka, kwa kawaida picha 25 kwa sekunde.

Na si jambo la jana. Mwaka 1910 Mwingereza Percy Smith alitoa filamu fupi, The Birth of a Flower, inayoonyesha maua yakichanua mbele ya macho ya watazamaji. Yaani zaidi ya miaka mia moja iliyopita mbinu hii ilikuwa tayari inawafundisha watu kitu ambacho jicho halina subira ya kukiona. Tofauti yetu na Smith ni kwamba kamera yake ilisimama mezani. Ya kwetu iko hewani, inasukumwa na upepo, na inakula betri kila sekunde.

Hesabu kwanza, kuruka baadaye

Droni ndogo nyingi hutangazwa kuwa zinaruka dakika 30 hivi. Hiyo ni hesabu ya mahali pasipo na upepo, betri mpya, mpaka chaji iishe. Sisi wa pwani tuna upepo, na droni lazima irudi chini ikiwa na akiba ya robo ya betri au zaidi. Toa muda wa kupanda, kupanga kamera na kushuka. Mimi huwa nahesabu dakika 18 za kupiga, basi.

Dakika 18 ni sekunde 1,080. Sasa shika kanuni mbili:

Sekunde za video unayoitaka × 25 = idadi ya picha unazohitaji.

Idadi ya picha × sekunde kati ya picha na picha = muda wa kuwa hewani.

Tuseme unataka video ya sekunde 10. Unahitaji picha 250. Droni nyingi za kawaida zinaweza kupiga picha ya JPEG kila baada ya sekunde 2, kwa hiyo utakaa hewani sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Betri inatosha na chenji inabaki. Ukitaka picha za RAW, zile zisizobanwa, nyingi ya droni hizi zinahitaji sekunde 5 kati ya picha na picha. Picha 250 zitachukua dakika 20 na sekunde 50. Hapo betri imeshakushinda kabla hujapanda.

Ukitumia dakika zote 18 kwa picha ya kila sekunde 2, unapata picha 540, sawa na video ya sekunde 21 na nukta. Kwa darasa inatosha kabisa. Mwanafunzi akitazama sekunde 20 mara tatu, anaelewa zaidi kuliko akitazama dakika moja mara moja.

Picha au video: tofauti ziko wapi?

Tofauti ya kwanza ni kasi ya kitu. Picha ya kila sekunde 2, ikionyeshwa kwa picha 25 kwa sekunde, ni sawa na video iliyoharakishwa mara 50. Huwezi kwenda chini ya hapo kama droni yako haipigi picha upesi zaidi ya sekunde 2. Mara 50 inafaa mawingu, kivuli cha jengo, maji ya bahari, giza linaloingia. Haifai magari. Daladala linalokuja Rangi Tatu litaonekana kwenye picha mbili tatu kisha litoweke, na barabara itaonekana inameta tu. Kwa magari na watu, kuharakisha mara 8 mpaka 15 kunatosha, na hapo ni lazima urekodi video. Kwa kifupi, kitu cha haraka kipige kwa video, kitu cha taratibu kipige kwa picha.

Tofauti ya pili ni ukubwa wa faili, na hili ni la watu wa bumu kama sisi. Video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 kila sekunde. Dakika 18 zinakula gigabaiti 13.5. Picha 540 za JPEG zenye megabaiti 5 kila moja ni gigabaiti 2.7 tu. Kadi ya gigabaiti 32 inabeba safari mbili za video, au safari kumi na moja za picha. Na kama kompyuta yako ni ile ya mkononi uliyorithi kwa dada, picha itazifungua. Video ya 4K itakuachia feni inayolia na skrini iliyoganda.

Tofauti ya tatu ni ubora. Picha ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4,000 na kimo cha 3,000. Fremu ya video ya 4K ina 3,840 kwa 2,160. Upana unakaribiana, lakini picha ina nafasi zaidi juu na chini, na haijabanwa sana kama fremu ya video. Hiyo nafasi ya ziada ni akiba. Droni ikiyumba, unakata kingo na kutuliza mtikisiko bila kuharibu kazi.

Tofauti ya nne inaipendelea video. Magari au mawimbi yakigandishwa kwenye kila picha, video inakuwa ya kurukaruka. Ukirekodi video, programu ya kuhariri inaweza kuchanganya fremu zilizo jirani, mwendo ukawa laini. Kwenye picha huna fremu za katikati za kuchanganya. Unachoweza kufanya ni kuiacha shata wazi kwa muda mrefu kidogo, robo sekunde kwa mfano, kwa kutumia filta ya ND, ambayo ni kama miwani ya jua ya kamera. Hiyo ifanye upepo ukiwa umetulia tu.

Mfano kamili: maji yanavyokupwa Ununio

Kujaa na kupwa kwa maji ni mada ya Jiografia ambayo watoto wa Dar wanaiona kwa macho lakini wengi wanaikariri kama ya nchi nyingine. Nilitaka ionekane. Tatizo ni kwamba maji huchukua zaidi kidogo ya saa 6 kutoka kujaa mpaka kupwa, na mimi nina dakika 18.

Hapa ndipo hesabu inapookoa. Maji hayashuki kwa kasi moja. Kuna kanuni ya mabaharia inayogawa mabadiliko yote kwa mafungu 12. Saa ya kwanza linashuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji ya Dar es Salaam inaweza kufika mita 3. Kwa hiyo saa ya kwanza maji yanashuka sentimita 25, lakini saa ya tatu na ya nne yanashuka sentimita 75 kila moja. Ndani ya dakika 18 za saa ya tatu yatashuka sentimita 22 na nusu.

Utasema sentimita 22 ni nini? Pwani yenye mteremko mdogo, tuseme mita 1 kwa kila mita 50, sentimita 22 za kushuka ni mita 11 za mchanga unaoachwa wazi. Hizo zinaonekana. Ukirusha siku ya maji mafu, au kwenye saa ya kwanza ya kupwa, utarudi na picha 540 zinazofanana.

Siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri. Saa ya tatu na ya nne ya kupwa zinaangukia kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Ni bahati nzuri, maana asubuhi upepo wa baharini bado haujaamka. Hakikisha kwenye jedwali la maji la bandari, na waulize wavuvi.

Kimo nacho kina hesabu. Kamera za droni hizi zikitazama chini moja kwa moja huona upana wa karibu mara moja na nusu ya kimo. Ukiwa mita 100 juu unaona mita 150 za pwani, na mita 11 za maji zinakuwa kamstari. Ukiwa mita 30 unaona mita 45, na mita 11 zinakuwa robo ya picha. Igeuze droni ili upande mrefu wa picha utoke nchi kavu kwenda baharini.

Binamu yangu ndiye aliyerusha, maana kibali ni chake. Mimi nilishika saa na daftari. Kabla hatujaanza alitujia mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kidude kinapiga picha nani?"

"Kinapiga maji, babu, yanavyokupwa. Ni ya kufundishia watoto shuleni."

"Maji yanakupwa kila siku. Mbona hamji nao wakayaona?" Akacheka. Kisha akanionyesha mtumbwi wake uliokuwa unaelea karibu na ufukwe. "Basi uweke na huo kwenye picha yako. Saa mbili haijafika utakuwa umekaa mchangani."

Ushauri wake ulizidi andalio langu. Bila mtumbwi, mwanafunzi angeona rangi ya bluu ikisogea na rangi ya mchanga ikiongezeka. Kwa mtumbwi ule, picha ya kwanza kitu kinaelea na picha ya mwisho kimelala ubavu. Kila taimulapsi ya somo inahitaji kitu cha aina hiyo ndani ya picha, kitu ambacho mwanafunzi anakijua ukubwa wake na anaweza kukitumia kama rula.

Mipangilio ya kamera

Funga kila kitu kwenye hali ya mkono: mwanga, shata, rangi na fokasi. Ukiacha kamera ijiamulie, wingu dogo likipita picha moja itakuwa nyeupe na inayofuata nyeusi, na video nzima itapepesa kama taa mbovu.

Machweo ni kesi yake. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, jua linazama karibu wima, na giza linaingia upesi. Kutoka jua kuzama mpaka mwanga wa kutosha kuisha ni dakika 22 hivi, karibu sawa na betri moja. Anza dakika chache baada ya jua kugusa upeo, picha ikiwa na mwanga wa kutosha, na uache giza liingie lenyewe bila kubadilisha kitu. Taa za nyumba zitaanza kuwaka moja moja, na hilo ndilo utakalotaka lionekane.

Droni ikitulia hewani kwa GPS bado huyumba, hata mita moja au zaidi. Kwa kimo cha mita 30, mita moja ni kama pikseli 90 kati ya 4,000. Programu ya kuhariri itazirekebisha. Shotcut ni ya bure na inapokea mfululizo wa picha. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, ila inataka kompyuta yenye nguvu. Kompyuta ikiwa dhaifu, punguza picha zote ziwe na upana wa 1,920 kabla ya kuanza.

Mambo madogo ya huku kwetu: rusha kutoka kwenye mkeka, mchanga wa pwani ni adui wa mota. Angalia kunguru. Wakianza kuizunguka droni, shusha, betri ibaki isibaki.

Kibali, na watu walio chini

Tanzania ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Droni inasajiliwa, na kuruka kunahitaji kibali ambacho pia kinapitia upande wa ulinzi. Usidhani udogo wa droni unakuondolea wajibu wa kuuliza. Sisi wa pembezoni mwa jiji tuna sababu zaidi ya kuwa makini. Temeke imepakana na eneo la uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, na Mbagala ina kambi ya jeshi. Kinondoni ina Lugalo, na Kunduchi kuna Chuo cha Taifa cha Ulinzi. Mahali panapoonekana ni ufukwe tu panaweza kuwa jirani na ukuta usiotakiwa kupigwa picha. Njia nyepesi kwa mwanachuo ni kufanya kazi na mtu mwenye kibali chake kinachotaja eneo hilo, na kupita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya siku yenyewe.

Sheria ikishatimia, watu wanabaki. Nyumba zetu za Mbagala na Bunju zina uani, na uani ndiko mtu anakofua, anakooga mtoto, anakokaa bila mtandio. Dakika 18 za kamera iliyotulia juu ya uani si sawa na droni inayopita. Elekeza kamera barabarani, angani au baharini. Kwa makutano ya Rangi Tatu simama pembeni na mbali, usirushe juu ya vichwa vya watu.

Taimulapsi ya miezi

Kuna mambo ambayo hakuna betri itakayoyamaliza: mji unaokua, mto unaokula kingo zake, pwani ya Kunduchi inayomomonyoka miaka nenda rudi. Hapa unapiga picha moja leo, nyingine baada ya mwezi, kutoka nukta ileile, kimo kilekile, saa ileile. Andika namba za GPS kwenye daftari. Picha kumi na mbili ni mwaka mzima.

Wanafunzi wa vyuo wa jiji hili wameshawahi kushika kazi inayofanana. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko, na droni zilitumika. Tandale ya Kinondoni ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochorwa. Lengo lao lilikuwa ramani, si taimulapsi, lakini picha ya juu ya mwaka mmoja inakuwa picha ya kwanza ya mfululizo kwa mtu atakayerudi baadaye. Na kuna sababu ya kurudi: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu milioni moja wa ziada wamejenga mahali fulani, na wengi wao wamejenga huku kwetu pembezoni.

Darasani, umeme ukiwa haupo

Sasa turudi kwenye sababu yangu kubwa ya kuchagua picha. Shule ikiwa na projekta, onyesha video ya sekunde 21, isimamishe, uliza, onyesha tena. Shule ikiwa haina, ukiwa ulirekodi video tu, umebaki na simu moja kwa darasa zima. Ukiwa ulipiga picha, chagua sita kati ya zile 540: ya 1, 108, 216, 324, 432 na 540. Zichapishe stesheni kwa ukubwa wa A4. Zina pikseli za kutosha, hazitatoka na ukungu.

Zichanganye kama karata, wape makundi, waambie wazipange kwa kutazama mtumbwi na ukingo wa maji. Wakimaliza waulize: kati ya picha na picha zimepita dakika ngapi? Picha 108 kwa sekunde 2 ni sekunde 216, yaani dakika 3 na sekunde 36. Maji yamesogea urefu wa mitumbwi mingapi? Wakishajibu hapo wamepima kasi ya bahari yao wenyewe kwa karatasi sita, na hukuhitaji soketi.

Zoezi

1. Unataka video ya sekunde 12 ya mawingu yanayopita juu ya Wazo. Droni inapiga picha kila sekunde 2. Utakaa hewani muda gani?

2. Unataka kuonyesha foleni ya jioni kwa sekunde 30, ukiharakisha mara 12. Urekodi video ya dakika ngapi? Kwa nini usitumie picha?

3. Chagua mada moja ya somo lako, taja kitu kitakachobadilika ndani ya dakika 18, na kitu kimoja kitakachokuwa rula ya mwanafunzi.

Majibu ya namba mbili za kwanza ni dakika 10 na dakika 6. La tatu lijibu kwenye andalio lako la somo, sehemu ya zana, kabla hujamtafuta mwenye droni.